JINSI YA KUMWINDA AYALA WA MKIA MWEUPE

Wengi wetu tumemjua ayala kwa kusoma vitabuni tu, kwa maana katika Afrika nzima ayala wa asili yuko pande za Tunisia na Algeria peke yake. Huko Marekani yuko mmoja mashuhuri aitwaye ayala wa mkia mweupe. Akishtuka huuinua mkia, na weupe ulio chini yake huonekana kama kitambaa kinachopepea. Mwindaji auonapo weupe huo, mara nyingi kazi yake imekwisha.

Jambo la kwanza ni upepo. Pua ya ayala ni kali mno, hata mwindaji mjuzi hachagui mahali pa kukaa kabla hajajua upepo unavuma kutoka wapi. Yampasa upepo utoke kwa mnyama uje kwake. Wengine hurusha unga kidogo hewani wauone unakopelekwa. Upepo ukigeuka, afadhali ahame au arudi nyumbani.

Tena ajue mapito yake. Ayala hutembea zaidi alfajiri na jioni, baina ya mahali alalapo na mahali alapo. Basi kabla ya msimu mwindaji huenda msituni bila bunduki, akatafuta nyayo, mavi, mialoni iliyodondosha matunda, na miti iliyochubuliwa magome kwa pembe za madume. (Pembe hizo si kama za swala wetu: huanguka kila mwaka, kisha huota nyingine.) Katika majimbo ya kaskazini, mwezi wa Novemba ni wakati wa kupandana, na dume aliyekuwa na hadhari nyingi humfuata jike hata mchana kweupe.

Wawindaji wengi hukaa juu ya mti. Hapo hatari kubwa ni kuanguka, kwa hiyo hujifunga mkanda tangu waanzapo kupanda. Katika majimbo mengi mwenye bunduki hulazimishwa kuvaa nguo ya rangi ya chungwa inayong'aa. Mtu atauliza, je, mnyama hataiona? Macho ya ayala hayaipambanui vema rangi hiyo, lakini mwindaji mwenzake huiona toka mbali.

Sasa mnyama amefika. Mwindaji hungoja ageuze ubavu, akalenga nyuma kidogo ya bega, penye moyo na mapafu. Asipopata nafasi hiyo, asipige. Akiisha kupiga asikimbilie, ila angoje kama nusu saa ndipo afuate damu. Maana mnyama aliyejeruhiwa akifukuzwa huenda mbali sana, akafa kwa mateso, na nyama ikapotea. Kwangu mimi, kungoja huku ndiko kugumu kuliko kulenga.

Kibali nacho si jambo la kudharau. Kufikia mwaka 1900 ayala hawa walikuwa karibu kwisha kwa kuwindwa ili nyama na ngozi ziuzwe. Hukisiwa kuwa walibaki 500,000 tu. Sheria zikakazwa, na tangu mwaka 1937 kodi ya bunduki na risasi hutumika kuwahifadhi wanyama. Siku hizi hukisiwa kuwa 30,000,000 hivi, hata wakulima hulalamika kwamba mazao yao yanaliwa.

Lakini uko ugonjwa uliotambuliwa kwanza huko Colorado mwaka 1967, ambao huwakondesha wanyama wa jamii ya ayala mpaka wafe, wala hauna dawa. Kwa hiyo mahali ulipoenea, mwindaji hushauriwa kupeleka kichwa kikapimwe, na nyama isiliwe mpaka majibu yarudi.