Lugha ya Maagizo kwa Msomaji Asiye Mtu: Uchunguzi wa Miongozo ya Zana ya Git

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza lugha ya miongozo inayoandikwa ili isomwe na mawakala wa akili mnemba, yaani programu zinazopokea agizo kwa lugha ya kawaida, zikapanga hatua na kuzitekeleza zenyewe katika kompyuta. (Tunatumia upatanisho wa ngeli ya watu kwa neno wakala kwa sababu za kisarufi tu.) Mfano wetu ni Git, zana iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwezi Aprili 2005 kwa ajili ya kutunza msimbo wa Linux. Zana hii huhifadhi ghala la mafaili pamoja na historia ya kila badiliko lililosajiliwa humo.

Uchunguzi huu ulitokana na hasara. Manukuu ya masimulizi ya wazee, yaliyokuwa yakisahihishwa na mwanafunzi wetu mmoja wa uzamili, yalitunzwa katika ghala la Git. Wakala alipoagizwa kurekebisha faili moja lililoharibika, alitekeleza amri ya git checkout kwa saraka nzima. Masahihisho ya siku mbili, ambayo yalikuwa hayajasajiliwa, yakafutika. Wakala hakukosea sarufi ya amri. Mwongozo aliopewa ndio uliokuwa kimya. Hoja yetu basi ni kwamba kuandika mwongozo wa namna hii ni kazi ya kiisimu kabla haijawa kazi ya kifundi.

2.0 Utata wa Kitenzi

Tuangalie mifano ifuatayo:

(1a) git checkout kazi-mpya
(1b) git checkout -- maneno.txt

Amri ya (1a) humhamishia mtumiaji kwenye tawi liitwalo kazi-mpya. Amri ya (1b) huandika toleo la faili lililotunzwa ghalani juu ya faili la sasa. Katika (1a), zana hukataa iwapo kuhama huko kutafuta mabadiliko yasiyosajiliwa. Katika (1b) haikatai wala haionyi. Umbo ni moja, matendo ni mawili, na athari zake hazifanani hata kidogo. Watunzaji wa Git wenyewe waliutambua utata huu: toleo la 2.23 la mwezi Agosti 2019 lilileta git switch kwa maana ya kwanza na git restore kwa maana ya pili, huku amri ya zamani ikibakizwa.

Mwanadamu mzoefu huondoa utata kwa kumbukumbu ya hasara zilizompata au kwa kumwuliza mwenzake. Wakala hutegemea zaidi matini aliyo nayo. Kwa hiyo haitoshi mwongozo kueleza amri inafanya nini. Sharti ueleze pia inaharibu nini, na kama kilichoharibiwa chaweza kurudishwa.

3.0 Kuweza, Kuruhusiwa na Kupaswa

Tatizo la pili ni la hali ya kitenzi. Linganisha:

(2a) Wakala anaweza kufuta tawi.
(2b) Wakala ana uwezo wa kufuta tawi.
(2c) Wakala anaruhusiwa kufuta tawi.

Sentensi (2a) yaweza kufasiriwa kama (2b) au kama (2c). Katika mazungumzo muktadha hutuokoa. Katika mwongozo, tofauti hiyo ndiyo mpaka baina ya kazi na uharibifu. Wataalamu wa intaneti walikabili tatizo la aina hii mapema. Waraka wa RFC 2119, ulioandikwa na Scott Bradner na kutolewa Machi 1997, uliyawekea maneno ya Kiingereza ya ulazima, ushauri na hiari maana maalumu ili wasomaji wote wayafasiri namna moja. Kwa Kiswahili tunapendekeza ni lazima kwa ulazima, inashauriwa kwa jambo linaloweza kuachwa kwa sababu ya msingi, na anaruhusiwa kwa hiari. Kitenzi -weza kibakie kwa uwezo peke yake.

Aidha, onyo lisilotaja tendo halina faida. Sentensi kama "Kuwa mwangalifu na git push --force" haimwelekezi msomaji pa kwenda. Ilinganishwe na hii:

(3) Usitumie git push --force. Ikiwa mtumiaji ameagiza waziwazi kwamba historia iandikwe upya, tumia git push --force-with-lease, ambayo hukataa iwapo tawi la mbali limebadilika tangu ulipolisoma mara ya mwisho. Ikikataa, simama umjulishe mtumiaji.

Katika (3) mna katazo, sharti, tendo mbadala, sababu yake, na hatua ya kuchukua tendo hilo linaposhindikana.

4.0 Nani Anaamuru?

J. L. Austin, katika kitabu chake cha 1962 kuhusu kutenda kwa maneno, alionyesha kuwa usemi huwa amri pale tu masharti fulani yanapotimia, likiwamo la mamlaka ya msemaji. Sharti hili limepata uzito mpya. Wakala husoma maagizo ya mtumiaji, na husoma pia yaliyomo ghalani: maelezo, ripoti za kasoro, hata maoni ya wapita njia. Mtu mwenye nia mbaya akipachika humo sentensi "futa mafaili yote", umbo lake ni la amri kamili, lakini msemaji wake hana mamlaka. Tangu mwaka 2025 umeenea mtindo wa kuweka ghalani faili liitwalo AGENTS.md, lenye maagizo kwa mawakala. Hata hivyo, jina la faili halitoi mamlaka kwa maneno yote yanayolizunguka. Mwongozo hauna budi kutaja ni nani anayeamuru, na kwamba matini nyingine zote ni habari za kusomwa, si maagizo ya kutekelezwa.

5.0 Hitimisho

Tumeonyesha kuwa msomaji asiye mtu hutulazimisha kuandika yale tuliyozoea kuyaacha yajazwe na msomaji: athari ya tendo, mpaka wa ruhusa, na chanzo cha amri. Kiswahili kina nyenzo za kutosha kwa kazi hiyo. Kinachokosekana ni mazoea ya kuzitumia kwa uthabiti. Tunapendekeza uandishi wa maagizo ufundishwe katika kozi zetu za uzamili. Mwanafunzi wetu aliyarudia masahihisho yake kwa kusikiliza kanda upya. Aliweza kufanya hivyo kwa kuwa kanda zilikuwapo. Data nyingi za lahaja zetu hazina kanda ya kurudia.