Ushauri: Gunia la pilipili lililolowa

Shangazi, nina kibanda cha chakula hapa Bula Iftin, Garissa. Napika wali wa nyama na sambusa, na mchanganyiko wa viungo, xawaash, natengeneza mwenyewe. Mwezi uliopita nilichukua kwa deni gunia la pilipili kavu na kilo 10 za bizari ya pilau, kumbe lori lilinyeshewa njiani. Sasa pilipili inanuka gunia bichi na bizari imeshikana madonge. Mwenye duka, ambaye ni jamaa ya mume wangu, anasema nianike, nikaange, nisage, hakuna atakayejua. Mamamkwe naye anasema moto huua kila kitu. Nifanye nini?
Mama Kibanda

Mwanangu,

Usiipike. Nimetanguliza jibu kwa kuwa huenda kikaango kiko jikoni tayari.

Mamamkwe hajakosea yote. Moto huua ukungu. Lakini ukungu ukishaota huweza kuacha sumu, aflatoksini, ambayo wengine huiita sumukuvu, na sumu si kiumbe hai cha kuuawa. Ukikaanga au ukichemsha, nyingi yake hubaki. Jua litakausha bizari na kuzuia ukungu mpya, ila sumu iliyokwisha kuingia haitoki kwa kuanikwa. Kusaga ndiko ninakokuogopa zaidi, maana pilipili mbovu hupotea ndani ya nzima na jicho halina tena cha kuona.

Kabla hujasaga chochote, chukua pilipili moja kavu uipasue kwa ukucha. Ngozi ya nje inaweza kung'aa vizuri, na ndani, pale mbegu zinaposhikana, ukakuta nyuzi za kijivu kama utando wa buibui. Usidhani basi utachambua zenye utando utupe, zilizobaki upike. Sumu hii haina rangi wala harufu, na yaweza kuwamo hata pasipoonekana ukungu.

Utaniambia xawaash ni kijiko tu. Ni kweli, na sitaki kukutisha kupita kiasi: sahani moja ya wali haitaangusha mtu. Mwaka 2004, Makueni, Kitui na jirani zao walipokula mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu, wagonjwa 317 walihesabiwa na 125 wakafa. Lakini wale walikula ugali wa mahindi hayo kila siku, kwa wingi. Ya kwako ingekuwa njia ya polepole. Sumu hii huumiza ini na huleta saratani yake, na mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B huwa hatarini mara nyingi zaidi. Wateja wako ni walewale kila mchana, mwanangu. Na kijiko kisikudanganye: kiwango cha juu cha sumu hii kinachoruhusiwa kwenye mahindi Kenya ni mikrogramu 10 kwa kilo. Kwa gunia la kilo 90 hiyo haifiki miligramu 1, yaani uzito wa punje moja au mbili za sukari.

Kuhusu jamaa ya mume wako: mrudishie gunia likiwa wazi, mchana, mumeo akiwepo. Mpasulie pilipili mbele yake. Mwambie deni la mzigo mzima utalilipa, la mzigo uliooza hapana. Sheria ya vyakula, Sura ya 254, inakataza kuuza chakula kisichofaa kuliwa, na sheria hiyo inamshika yeye dukani kama inavyokushika wewe kibandani. Akishikilia msimamo wake, nenda kwa afisa wa afya ya umma wa kaunti. Najua inauma kumshtaki mtu wa nyumbani. Mpe kwanza nafasi ya kurekebisha.

Safari ijayo nunua viungo vizima, kilo mbili tatu, uvivunje na kuvinusa kabla ya kulipa. Msimu wa mvua uliza mzigo umelala wapi. Aprili 2024 maji ya Mto Tana yalifunika barabara ya Nairobi, na malori yalikwama. Nyumbani weka gunia juu ya chaga, mbali na ukuta. Ukishakaanga xawaash, iache ipoe kabisa ndipo usage na kufunika, maana mvuke ukinaswa ndani ya kopo hugeuka matone, na hapo ukungu umepata maji. Usichote kwa kijiko kilichotoka kwenye sufuria.

Na jamaa huyo akikataa kulipokea gunia, usiwape mbuzi vilivyomo. Sumu hupita kwenye maziwa, na maziwa hayo watakunywa watoto. Usilichome pia, moshi wa pilipili utawakaba majirani. Chimba shimo refu mbali na kisima, limwage, changanya na majivu na mchanga, ufukie hadi mbuzi asiweze kufukua.