Kabla ya kulipia meza, ulizia simu ya mwenzako

 

Leo namjibu binti mmoja wa Kilwa Masoko. Yeye na wenzake wanne walianza mchezo wa masimulizi siku za likizo, wamekaa barazani kwao na daftari moja, penseli na dadu za ludo. Likizo ilipokwisha kila mmoja akashika njia yake: mmoja yuko Lindi mjini, mmoja amerudi chuo Dar es Salaam, mtoto wa mama yake mdogo yuko Songo Songo, na kaka yake yuko kazini Muscat. Hadithi waliiacha njiani na hawataki ife. Kaka wa Muscat amesema atalipia meza ya mtandaoni, wao wachague tu. "Dada, tulipie ipi?"

Mdogo wangu, kwa sasa msilipie yoyote. Nitakueleza sababu, na majina nitakutajia.

Kwanza niseme na msomaji asiyeujua mchezo huu. Mmoja anakuwa msimulizi, na wengine kila mtu anajivika mhusika wake: nahodha, mganga, mfanyabiashara, mpelelezi. Msimulizi anasema, "Mmefika mlangoni, mlango umekomelewa kwa ndani," nao wachezaji wanaamua wafanyeje. Jambo likiwa na shaka, dadu inakata. Uliovuma kuliko yote ni Dungeons & Dragons, ulioandikwa na Gary Gygax na Dave Arneson huko Marekani ukatoka mwaka 1974. Meza ya mtandaoni ni programu inayowaonyesha wote ramani moja, kete za wahusika zikisogezwa juu yake na dadu zikirushwa mbele ya kila mtu, hata kama mko nchi tatu.

Watu wengi wakichagua meza hutazama uzuri wa ramani na wingi wa vifaa. Mimi nataka umtazame kwanza mwenzenu mwenye simu dhaifu kuliko wote na bando dogo kuliko wote. Meza ikimfaa huyo, itawafaa wote.

Hili nimelipata kwa uchungu. Niliwahi kuwa msimulizi wa kundi la watu sita, na nilipenda sana ramani nzitonzito zenye kila jani na kila jiwe. Siku moja nikapakia ramani ya pango. Kwangu ikafunguka mara moja. Kwa mwenzetu mmoja, aliyekuwa akicheza kwa simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka, kiduara kikawa kinazunguka tu. Sisi tukaingia pangoni, tukapigana, tukacheka. Yeye alikuwa akisikia vipande vya sauti: "zamu... zamu yako... haya, anayefuata." Ramani ilipomfungukia, mhusika wake alikuwa ameshaanguka, amepigwa bila mwenyewe kuwepo. Akaandika "poa tu", akatoka. Hakurudi tena, na ndiye aliyekuwa na maneno matamu kuliko sisi sote. Kosa lilikuwa langu, maana sikuwahi hata kumuuliza anatumia simu gani.

Basi tuje kwenye majina. Kwa kundi kama lenu ningeanza na Owlbear Rodeo. Inafunguka kwenye kivinjari cha simu bila kupakua kitu, msimulizi peke yake ndiye anayefungua akaunti, wengine wanaingia kwa kiungo alichowatumia. Ina ramani, kete, dadu, na namna ya kufunika sehemu ambazo wahusika bado hawajazifikia. Sehemu yake ya bure inatosha kundi la watu watano. Sauti haina, kwa hiyo pigianeni simu ya kundi ya WhatsApp, sauti tupu bila video. Video inakula bando, na mchezo huu ni wa masikio.

Roll20 ndiyo maarufu zaidi, ipo tangu mwaka 2012, nayo ina sehemu ya bure. Faida yake ni kwamba inatunza karatasi za wahusika na kukupigia hesabu. Lakini imetengenezwa hasa kwa ajili ya kompyuta. Wa Muscat na wa chuo wataifurahia; wa Songo Songo atahangaika na vitufe vidogo kama punje za mtama. Mkija kupata kompyuta nyote, irudieni.

Foundry ilitoka mwaka 2020. Inalipiwa mara moja tu, leseni yake imekuwa ikiuzwa dola 50, yaani zaidi ya laki moja ya kwetu, na anayelipa ni msimulizi pekee. Najua ndiyo kaka yako anayoitamani, kwa sababu ina kila kitu. Ila fahamu inavyofanya kazi: mchezo wote unakaa kwenye kompyuta ya msimulizi, na picha zote zinatoka kwake kwenda kwa wachezaji. Msimulizi ni wewe, uko Masoko. Umeme ukikatika kwenu au mtandao ukiyumba, meza imeanguka kwa wote, mpaka Muscat. Kukodi seva nje kunaondoa tatizo hilo na kuleta malipo ya kila mwezi. Wachezaji nao wanahitaji kioo kikubwa, simu haitoshi.

Foundry ina jambo moja ninalolipenda kwa dhati. Mkiwa nyumba moja, inaweza kutumia Wi-Fi ya ndani bila intaneti kabisa. Mnakumbuka Mei 2024? Kimbunga Hidaya kilipita mwanzoni mwa mwezi, mafuriko yakakata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam maeneo ya Somanga, na tarehe 12 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikakatika, intaneti ikazorota nchi nzima. Mwezi kama ule, vijana wenye kompyuta moja na daftari wangeendelea kucheza. Hata msipoinunua, fanyeni hivi: kila mmoja aandike mhusika wake kwenye daftari lake kwa mkono. Nguvu, mali, majeraha, deni, vyote. Mtandao ukikatika mnapigiana simu ya kawaida na hadithi inaendelea.

Umeniuliza pia mtapata wapi ramani nzuri, maana ulizoziona zote ni ngome za kwenye theluji. Mdogo wangu, unaishi Masoko! Ukisimama bandarini unakiona Kilwa Kisiwani ng'ambo ya maji. Pale kuna Husuni Kubwa, jumba alilojenga Sultani al-Hasan bin Sulaiman katika karne ya 14, limekaa juu ya genge la bahari, na ndani yake lina birika la pembe nane. Kuna Msikiti Mkuu wenye makuba, kuna Gereza, ile ngome ya pwani. Ibn Battuta alifika mwaka 1331. Wareno wakaja na merikebu zao mwaka 1505. Watengenezaji wa mchezo wa kompyuta wa Civilization VI waliiweka Kilwa Kisiwani kati ya maajabu yao mwaka 2018. Wewe unashindwa nini?

Na hadithi ya kuanzia mnayo. Tarikh ya Kilwa inasimulia kwamba Ali bin al-Hasan alikinunua kisiwa kwa nguo, nguo za kutosha kukizunguka. Mwenye kisiwa akavukia bara, moyoni akipanga kurudi maji yakitoka aje kukitwaa tena. Ali akachimba mkondo ili maji yasikauke katikati. Hebu wape wenzako usiku mmoja: wao ndio wachimbaji, maji yanatoka, upande wa bara mienge inaonekana, na nguo bado haijafika mwisho. Sijaona ngome ya theluji inayoshinda hiyo.

Ramani yake ichore mwenyewe kwenye karatasi ya daftari la hesabu, lile la miraba, maana kete zinahitaji miraba. Chora pwani, mikoko, mkondo, njia ya kupandia. Ipige picha mchana, karibu na dirisha. Kisha itume WhatsApp kama picha ya kawaida, usichague ubora wa juu, halafu ihifadhi ile iliyotumwa na ndiyo uipakie mezani. WhatsApp inaipunguza uzito sana, nayo mistari inabaki inasomeka. Ramani hiyo itamfungukia wa Songo Songo kabla hujamaliza kuieleza.

Fedha za kaka yako zisikataliwe, zielekezwe. Mwombe amwekee bando ndugu yenu wa Songo Songo kila siku ya mchezo. Mkija kulipia programu yoyote, kwanza ulizeni kama ni mara moja au kila mwezi, na muandike tarehe ya kusitisha. Mimi nilikatwa miezi minne kwa programu niliyokwisha kuiacha.

Neno jingine ni la usalama. Kiungo cha meza kisiwekwe mahali pa wazi, na mgeni asiingie mpaka wote watano mkubali. Mtu akianza kuuliza unaishi wapi au kutaka muongee pembeni nje ya mchezo, mtoe bila maelezo, kisha mwambie mkubwa wa nyumbani.

Muscat iko mbele yetu kwa saa moja, kwa hiyo mkianza saa tatu usiku kwenu, kwa kaka ni saa nne, na asubuhi ana kazi. Saa mbili za mchezo zinatosha.

Sasa kabla hujachora hata mstari mmoja, mpigie ndugu yako wa Songo Songo. Muulize simu yake ni ya aina gani, na mtandao unakaa vizuri saa ngapi. Umtumie kiungo cha meza tupu, akifungue ukiwa naye hewani, asogeze kete moja. Akiweza, waite wengine.