Ombi Lipite Wapi Kwanza: Kupanga Midowea Kwenye Express

Kosa la mpangilio wa midowea halipigi kelele. Seva inawaka vizuri, kila kipande ukikijaribu peke yake kinafanya kazi. Kisha mteja analipa kwa M-Pesa, pesa inakatwa, na oda yake inabaki "haijalipwa". Kabla hujaulaumu mtandao, fungua faili la app.js ulisome kuanzia juu.

Midowea ni funksheni inayosimama kati ya ombi na jibu. Ikishamaliza kazi yake, ama inaita next() ili ombi liendelee kwa inayofuata, ama inajibu yenyewe na safari inaishia hapo. Express haikupangii chochote. Iliyoandikwa juu ndiyo hutangulia. Njia zako, yaani app.get na app.post, nazo zimo kwenye foleni hiyohiyo. Midowea uliyoiweka chini ya njia haitaligusa ombi ambalo njia hiyo imeshalijibu.

Kwa hiyo kila midowea iulize maswali mawili. Inahitaji nini ambacho nyingine lazima iwe imeshakiandaa? Na inaweza kumkatalia nani?

La kwanza ni jepesi. express.json() ndiyo inayosoma mwili wa ombi na kujaza req.body, hivyo ikikaa chini ya njia zako utakuta req.body haina kitu. Sesheni itangulie passport.session(). Makosa ya aina hii utayaona siku hiyohiyo.

La pili ndilo linalosahaulika. Chukua duka la mtandaoni linalotumia Daraja, API ya M-Pesa ya Safaricom. Ukituma STK Push, yaani ombi la malipo kwenye simu ya mteja, matokeo ya malipo huja baadaye, kwa POST yenye JSON, kwenye anwani uliyoitaja kama CallBackURL. Anayeleta taarifa hiyo hana tokeni unazowapa wateja wako. Ukaguzi wa tokeni ukiwa juu ya njia hiyo, kila taarifa itapewa 401, na ResultCode 0 inayosema malipo yamepita haitaufikia msimbo wako. Panga hivi:

app.use(cors());
app.use(express.json());
app.post('/mpesa/jibu', pokeaMalipo);
app.use(kaguaTokeni);
app.use('/oda', njiaZaOda);

Njia ya malipo iko juu ya ukaguzi lakini chini ya express.json(), kwa sababu bado unahitaji kusoma Body.stkCallback. Sasa, hapo umeacha mlango ambao yeyote anayeijua anwani anaweza kuugonga kwa taarifa ya kubuni. Linganisha CheckoutRequestID na ile uliyoihifadhi ulipotuma ombi, kisha iulize Daraja yenyewe hali ya muamala huo kabla ya kuachilia mzigo.

Stripe, huduma nyingine ya malipo, inadai kinyume. Sahihi ya taarifa zake huhakikiwa kwa baiti zilezile zilizotumwa, kwa hiyo njia yake hukaa juu ya express.json() na kutumia express.raw(). Ndiyo maana mimi siamini orodha za "mpangilio sahihi" zinazonakiliwa kutoka mradi hadi mradi.

Na cors() kwa nini iko juu kabisa? Kivinjari, kabla ya kutuma ombi lenye tokeni kwenye kichwa cha Authorization kwenda kikoa kingine, hutanguliza ombi la OPTIONS lisilobeba tokeni hiyo. Ukaguzi ukilikuta kwanza, utalifukuza, na kivinjari kitakuonyesha kosa la CORS. Utashinda ukihangaika na mipangilio ya CORS ambayo haina ubaya wowote.

Chini kabisa, baada ya njia zote, weka midowea ya 404, kisha ya kushughulikia makosa. Hii ya mwisho Express huitambua kwa idadi ya vigezo vyake: vinne, err, req, res, next. Usifute next kwa kuwa kihariri kinalalamika kuwa haitumiki. Vikibaki vitatu, Express itaihesabu kuwa midowea ya kawaida, na makosa yataipita.

Wa Django wana orodha ya MIDDLEWARE ndani ya settings.py, na huko safari ni kama ngazi: ombi hushuka kidato kwa kidato, jibu hupanda kwa vidato vilevile. SessionMiddleware hukaa juu ya AuthenticationMiddleware, na WhiteNoise mara tu chini ya SecurityMiddleware. Taarifa ya M-Pesa ikikataliwa kwa 403 na CsrfViewMiddleware, usiihamishe wala kuiondoa midowea hiyo. Weka csrf_exempt kwenye viu moja tu inayopokea taarifa hiyo.

Ukishapanga, andika jaribio linalotuma taarifa ya malipo bila tokeni na kutarajia 200, na jingine linalogonga /oda bila tokeni na kutarajia 401. Mwenzako akija kuhamisha mstari mmoja miezi kadhaa baadaye, jaribio litamwambia kabla mteja hajapiga simu.