Soma Chuma Kabla Hujalipa
Namna ya kuchagua kromu nzuri ya gari la zamani

Somo letu la leo ni juu ya vyuma vinavyong'aa kwenye gari la zamani. Vyuma hivyo ni kama bampa, grili ya mbele, fremu za taa, vitasa vya milango, kofia za magurudumu na nembo. Mng'aro huo unaitwa kromu.

Huenda utauliza, "Mimi mkulima wa korosho wa hapa Chidya, kromu yanihusu nini?" Swali hilo ni zuri, tulijibu.

Ukitembea Chidya, Masasi na hata Newala, utaona hapa na pale gari kuukuu limekaa chini ya mwembe. Pengine ni la marehemu baba au babu. Watoto wamekua, wanataka kulifufua. Msimu wa korosho unafika na fedha zinaingia. Hapo ndipo anapotokea muuzaji na bampa linalong'aa kama kioo. Familia inatoa fedha. Mvua za masika zinanyesha, na bampa linaota madoa mekundu. Muuzaji hayupo tena. Fedha ya ada ya mtoto imekwenda.

Na wewe usiye na gari, usiache kusoma. Rimu, usukani na kengele ya baiskeli yako vimepakwa kwa njia hiyo hiyo. Ukijua kuchagua bampa, umejua pia kuchagua rimu.

KROMU NI KITU GANI?

Kromu ni madini. Aliyeyagundua ni Mfaransa, Louis Nicolas Vauquelin, mwaka 1797. Lakini magari yalianza kupakwa kromu kwa wingi miaka ya 1920 ilipokuwa inaelekea mwisho.

Bampa halikutengenezwa kwa kromu tupu. Fikirini nyumba zetu za udongo. Kwanza tunasimamisha miti na fito. Halafu tunakandika udongo. Kisha tunapiga lipu ili mvua isiingie. Mwisho tunapaka chokaa ili nyumba ipendeze. Basi, bampa zuri nalo lina tabaka:

1. Chuma chenyewe. Hii ndiyo miti ya nyumba.
2. Shaba nyekundu. Huu ndio udongo wa kusawazisha. Viwanda vingine huiruka tabaka hii.
3. Nikeli. Hii ndiyo lipu. Inazuia maji yasifike kwenye chuma.
4. Kromu. Hii ndiyo chokaa. Inang'aa, ni ngumu, na haififii upesi.

Sasa tazameni unene wake. Chukua milimita moja uigawe mara 1,000. Tabaka ya kromu kwa kawaida haifiki hata kimoja cha vipande hivyo. Nikeli nzuri hufika vipande 20, 30 au zaidi. Unywele wa binadamu ni kama vipande 70. Kwa hiyo kromu ni nyembamba sana, tena ina nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho. Maji hupita humo. Anayeyazuia ni nikeli. Nikeli ikiwa nyembamba, kutu itakuja tu, hata bampa ling'ae namna gani.

Jambo hili lilionekana wazi Marekani wakati wa vita vya Korea, mwaka 1950 hadi 1953. Nikeli ilitakiwa kwa silaha, na viwanda vya magari vikapunguziwa. Bampa nyingi za wakati ule ziling'aa dukani, lakini zikashika kutu mapema. Wahenga walisema, "Usione vyaelea, vimeundwa." Ubora wa kromu uko chini yake.

KWANZA LIJUE GARI LAKO

Kabla ya kutafuta chochote, soma kibati cha gari. Kibati hicho huwa kwenye bodi, mara nyingi ndani ya boneti au karibu na mlango. Andika daftarini jina la gari, aina yake, namba ya chesisi na mwaka kama umeandikwa. Gari moja linaweza kubadilishwa bampa au taa baada ya miaka michache tu, ingawa jina ni lile lile.

Tuchukue mfano wa Peugeot 404. Gari hili lilianza kuuzwa mwaka 1960. Lilijipatia sifa Afrika Mashariki kwa kushinda mashindano ya Safari mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Ukimwambia muuzaji, "Nataka grili ya Peugeot," anaweza kukupa ya 404 au ya 504. Hizo ni gari mbili tofauti. Sema yote: jina, aina na mwaka.

Tena, si kila gari la zamani linataka kromu. Land Rover za zamani zina bodi ya aluminiamu, na sehemu zake nyingi za chuma zilichovywa zinki ili zisishike kutu. Rangi yake ni ya kijivu iliyofifia, kama debe au bati. Usishawishiwe kununua kromu ambayo gari lako halikuzaliwa nayo.

Chukua pia kipande cha katoni. Kiweke juu ya sehemu unayotaka kubadilisha, chora umbo lake na matundu ya bolti, kisha kata. Andika "kulia" au "kushoto." Katoni hiyo utaibeba hadi sokoni. Haiwezi kusahau wala kudanganywa.

VIPIMO SITA VYA MNUNUZI

Vipimo hivi havihitaji mashine. Vinahitaji macho, mikono na subira.

Kipimo cha 1: Gazeti. Simamisha ukurasa huu mbele ya bampa, kisha tazama herufi ndani ya mng'aro wake. Zitaonekana zimegeuka, kulia kuwa kushoto. Kama bampa lina mviringo, herufi zitavutika pia. Hilo si kosa. Kosa ni mistari kutetemeka, kama uso wako kwenye ndoo ya maji iliyotikiswa. Hapo ujue chuma hakikusuguliwa vizuri kabla ya kupakwa. Kama huoni herufi kabisa, ila ukungu mweupe, ni vibaya zaidi.

Kipimo cha 2: Rangi. Kromu ina weupe wa kibuluu kidogo. Nikeli ina umanjano kidogo. Ukiona sehemu ya manjano, hasa kwenye kona, kromu imekwisha au haikushika hapo.

Kipimo cha 3: Sumaku. Spika ya redio mbovu ina sumaku nzuri. Ikinata kwa nguvu, chini yake kuna chuma. Isiponata, huenda ni shaba ya manjano, zinki au aluminiamu. Angalieni hapa: stenlesi nyingine hunata na nyingine hainati. Kwa hiyo sumaku peke yake haitoshi. Unganisha na vipimo vingine.

Kipimo cha 4: Uchafu wa madini. Kutu nyekundu ni ya chuma. Ukungu wa kijani ni wa shaba. Vipele vyenye unga mweupe ni vya zinki au aluminiamu. Pitisha kidole taratibu. Ukisikia vipele kama vya joto, kuna ugonjwa chini ya ngozi.

Kipimo cha 5: Mgongo. Kila muuzaji husafisha uso. Wewe geuza nyuma. Tazama kingo, matundu ya bolti na mahali palipochomelewa. Kutu huanzia huko. Chuma kikiwa kimeliwa hata kidole kinapita, mng'aro wa mbele ni sanda tu.

Kipimo cha 6: Kitambaa. Wengine hupuliza rangi ya fedha na kuiita kromu. Mwombe muuzaji ruhusa, ulowanishe kitambaa kwa petroli kidogo, usugue kwa nyuma. Rangi nyingi zitachafua kitambaa. Kromu haitoki. Fanya hivyo nje, mbali na moto na sigara.

Muuzaji akikukataza kugeuza bidhaa, au akisema, "Harakisha, kuna mtu mwingine anaitaka," rudisha fedha mfukoni. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

KIPI KINUNULIWE, KIPI KIACHWE?

Bampa la chuma la asili, lililobonyea kidogo na lenye kutu ya juujuu, usilidharau. Fundi anaweza kulinyoosha, kulisugua na kulipaka upya. Mara nyingi linafaa kuliko bampa jipya lenye chuma chembamba.

Shaba ya manjano nayo hupakika vizuri. Stenlesi haihitaji kupakwa, inasuguliwa tu hadi ing'ae. Shida iko kwenye zinki, ambayo ilitumika sana kwa vitasa na nembo. Ikishaota mashimo ni kazi ngumu na ya gharama. Ya zinki utafute iliyo nzima tangu mwanzo.

Utatafuta wapi? Anza karibu. Pita kwa wanunuzi wa vyuma chakavu Masasi na Mtwara kabla mizigo haijapelekwa kuyeyushwa. Waulize mafundi wa gereji waliozeeka kazini, maana wao wanakumbuka gari lipi lilifia wapi. Ukikosa, kuna Kariakoo na Gerezani, Dar es Salaam. Nairobi kuna Barabara ya Kirinyaga, inayojulikana kwa vipuri. Nairobi pia kuna mashindano ya magari na pikipiki yaitwayo Concours d'Elegance, yaliyoanza mwaka 1970. Magari ya zamani yaliyotunzwa huonyeshwa hapo. Mtu akikwambia gari la babu ni takataka, mwambie habari hiyo.

Vitu vilivyokaa pwani vikague mara mbili. Upepo wa bahari una chumvi, na chumvi huharakisha kutu.

Ukimpata fundi wa kupaka, muulize: Utaondoa kromu ya zamani yote? Utasugua chuma kabla ya kupaka? Nikeli utaiweka nene kiasi gani? Mwombe akuonyeshe kazi yake iliyopitiwa na masika mawili. Kisha andikianeni: idadi ya vipande, bei, fedha uliyotanguliza, tarehe ya kuchukua, na sahihi zenu wote wawili. Vipige picha kwa simu kabla hujaviacha. Ndiyo maana tulijifunza kusoma na kuandika, tusiishi kwa "aliniambia."

HATARI: USIPAKE KROMU NYUMBANI

Kazi hii hufanywa kwa kuzamisha kipande ndani ya dawa na kupitisha umeme. Kijana mwenye betri na ndoo anaweza kufikiri ni rahisi. Tunasema wazi: usijaribu. Dawa ya kromu ni asidi kali yenye sumu. Inachoma ngozi na macho. Mvuke wake unaharibu pua na mapafu, na unaweza kuleta kansa. Ikimwagwa ardhini inaweza kufika kwenye maji. Sisi wa huku, tunaojua shida ya maji ilivyo kwenye Uwanda wa Makonde, hatuwezi kubadilisha kisima kwa bampa.

Kromu iliyokwisha kupakwa haina hatari kuishika. Hatari iko kwenye dawa na mvuke wa kupakia.

KUITUNZA

Osha kwa maji na sabuni, kausha kwa kitambaa laini, kisha paka nta au mafuta mepesi. Nyuma ya bampa paka rangi ya kuzuia kutu. Madoa madogo ya kutu yasugue taratibu kwa maji na karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Karatasi hiyo ni laini kuliko kromu, haiikwaruzi. Usitumie mchanga, majivu, wala maji ya betri. Mchanga unaosafisha sufuria unaua kromu.

HESABU

Bei hizi ni za mfano tu. Bampa la kwanza ni jipya, lina nikeli nyembamba. Bei yake ni shilingi 60,000, na linadumu mwaka 1. Bampa la pili ni la asili. Bei yake ni shilingi 100,000, na fundi anataka shilingi 50,000. Linadumu miaka 10.

La kwanza, kwa miaka 10: 60,000 × 10 = shilingi 600,000.
La pili, kwa miaka 10: 100,000 + 50,000 = shilingi 150,000.
Tofauti: shilingi 450,000.

Je, rahisi ni lipi?

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Kati ya nikeli na kromu, ni ipi inayozuia kutu zaidi? Kwa nini?
2. Sumaku imenata. Je, hiyo peke yake inathibitisha kwamba kitu ni kizuri?
3. Leteni rimu mbili za baiskeli darasani, moja mpya na moja ya zamani. Zipimeni kwa vipimo sita. Mtanunua ipi?
4. Andika hati fupi ya makubaliano kati yako na fundi.

Wasomaji wapenzi, gari la babu halina haraka. Limengoja chini ya mwembe miaka mingi, linaweza kungoja wiki moja zaidi huku ukitafuta kilicho kizima. Beba katoni yako, beba sumaku, na ukurasa huu usiufungie maandazi. Kazi kwenu!