Dondoo muhimu: Kukadiria bei ya Luger P08 ya zamani

Kwanza kabisa, toa magazini na uhakikishe chemba haina risasi. Bastola ya mwaka 1917 bado inaua.

Kisha chukua kioo cha kukuzia utafute namba. Luger za jeshi la Ujerumani zilipigwa namba kamili kwenye fremu, na tarakimu mbili za mwisho zikarudiwa kwenye vipande vidogo, hadi triga na swichi ya usalama. Kipande kimoja kikitofautiana, bei hushuka, maana wakusanyaji hulipia bastola ambayo vipande vyake vilitoka kiwandani pamoja. Magazini yenye namba ileile ni adimu. Usiitenganishe na bastola yake.

Tafadhali usiisugue wala kuitia rangi upya! Rangi ya asili iliyofifia kwenye kingo ina thamani kuliko weusi mpya unaong'aa. Iliyoguswa utaijua: maandishi yamepoteza makali, na vishimo vya kutu vinaonekana chini ya rangi.

Luger zilizotengenezwa na kiwanda cha DWM ni nyingi. Za kiwanda cha Krieghoff ni chache na ghali, ndiyo maana hughushiwa. Hapo mlipe mtaalamu aikague.

Je, kuna karatasi ya ruhusa aliyopewa askari wa Marekani kurudi na bastola hiyo nyumbani kutoka vitani? Huongeza bei, mradi namba iliyoandikwa ioane na ya bastola.

Mwisho, linganisha na bei zilizolipwa mnadani kwa bastola kama hiyo, si zinazotajwa na wauzaji, kisha utoe kamisheni ya mnada.