Marinduque: Kisiwa cha Minazi na Shaba

Marinduque ni mkoa mmoja wa Ufilipino, nao ni kisiwa chenye umbo linalokaribia kuwa la moyo. Kisiwa hiki kiko kusini ya Manila, mji mkuu wa nchi hiyo, baina ya Ghuba ya Tayabas na Bahari ya Sibuyan. Eneo lake ni kilometa za mraba 950 hivi, na katika hesabu ya watu ya mwaka 2020 wakazi wake walikuwa 239,207. Makao makuu ya mkoa ni Boac.

Sura ya Nchi

Sehemu kubwa ya kisiwa ni vilima na milima. Mlima mrefu kuliko yote ni Malindig, wenye kimo cha meta 1,157, ambao ni volkano iliyotulia. Karibu nao, huko Buenavista, hububujika chemchemi za maji ya moto yenye salfa. Kwa kuwa kisiwa ni kidogo, mito yake ni mifupi, na chochote kinachoingia mtoni mlimani hufika baharini upesi.

Mazao

Zao kuu ni nazi, ambazo hukaushwa zikawa mbata, kama ifanyikavyo katika pwani ya Afrika Mashariki. Mabondeni hulimwa mpunga. Upo pia mmea uitwao uraro, ambao mizizi yake husagwa na kuchujwa ili kupata wanga wa kutengenezea biskuti. Wavuvi hutegemea bahari, na baadhi ya wakazi hufuga vipepeo wa kuuzwa nje ya nchi.

Shaba na Tope Lake

Chini ya milima hiyo kulikuwa na utajiri wa namna nyingine. Zama za kale, maji ya moto yaliyotoka katika miamba iliyoyeyuka yalipenya ndani ya nyufa na kuacha humo madini ya shaba. Kampuni ya Marcopper ilianza kuyachimba mwaka 1969.

Katika mawe ya aina hii shaba huwa kidogo mno, aghalabu chini ya sehemu moja katika mia. Mawe husagwa yakawa unga, unga huchanganywa na maji na dawa, kisha hupulizwa hewa. Chembe za shaba hupanda juu pamoja na povu, na kinachosalia ni tope. Hivyo karibu mawe yote yaliyosagwa hugeuka tope ambalo sharti lipatiwe mahali pa kuwekwa.

Kati ya mwaka 1975 na 1991 tope hilo lilimwagwa katika Ghuba ya Calancan, likafunika matumbawe na mazalio ya samaki. Mwezi Desemba 1993 boma la udongo lilivunjika, mto Mogpog ukafurika, na watoto wawili wakafa. Tarehe 24 Machi 1996 kizibo cha zege katika handaki la shimo la Tapian, lililokuwa limegeuzwa ghala la tope, kilifunguka. Zaidi ya meta za ujazo milioni moja za tope zilitiririka katika mto Boac. Samaki walikufa, vijiji vikazingirwa, na mgodi ukasimamishwa.

Madhara hayakukoma hapo. Mabaki hayo yana madini ya salfa. Yakikutana na hewa na maji hufanya asidi, nayo asidi huyeyusha shaba na metali nyinginezo na kuzipeleka mitoni. Kazi hiyo huendelea kila mvua inyeshapo.

Mafunzo

Marinduque inaonyesha kuwa mali ya nchi ni ya namna mbili. Mnazi huzaa tena, na samaki huzaliana iwapo mazalio yao yamehifadhiwa. Shaba huchimbwa mara moja tu. Mgodi ulifanya kazi kwa muda usiotimia miaka thelathini, lakini mabaki yake yangali kisiwani. Kwa hiyo, hesabu ya faida ya mgodi wowote haijakamilika mpaka ihesabiwe pia gharama ya kulihifadhi tope lake, na swali la mahali pa kuliweka lapasa kujibiwa kabla jiwe la kwanza halijavunjwa.